Mgema na Wanaomsifu

Wahenga walituachia methali kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aghalabu methali hii hufundishwa skulini kuwa ni onyo kwa mwenye kusifiwa, asije akalewa sifa akaiharibu kazi yake. Upande wa pili, ulio wa wanywaji, hauulizwi sana. Mgema hakujisifu mwenyewe, alisifiwa. Waliomsifu ndio hao hao watakaokinga kata zao kesho, watiliwe tembo lililochujuka, walipe bei ile ile au iliyozidi, kisha wanung'unike njia nzima wakirudi majumbani mwao. Je, wana haki ya kulalamika? Na ikiwa wanayo, je, hawana pia fungu lao katika lawama?

Soko linalolitolea swali hili mfano ulio wazi kuliko mengine ni soko la kompyuta na vifaa vyake. Humo malalamiko juu ya bei na mapenzi kwa kampuni hukaa kifuani mwa mtu mmoja bila ya kugombana. Mtu yule yule anayeapa kwamba ananyonywa ndiye anayetangulia kupanga foleni siku bidhaa mpya inapotoka, na ndiye atakayekosana na rafiki yake akisikia kampuni yake inasemwa vibaya. Jambo hili wachumi wamelieleza kwa njia zao. Mimi nataka kuliangalia kwa jicho la maadili: uaminifu huu ni kitu gani, na nani anamdai nani?

Tuanze na bei zenyewe, tusije tukatuhumu bila ya hesabu. Kadi ya michoro ni kipande kinachoipa kompyuta uwezo wa kuchora picha zinazokwenda mbio katika kiwambo. Huhitajiwa na wachezaji wa michezo ya kompyuta, watengenezaji filamu, wasanifu wa majengo na, katika miaka ya karibuni, wanaoshughulika na akili mnemba. Machi 2017 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitoa kadi iitwayo GTX 1080 Ti kwa dola 699. Mwaka uliofuata ilikuja RTX 2080 Ti kushika nafasi yake, na ile iliyotengenezwa na kampuni yenyewe iliuzwa kwa dola 1,199. Oktoba 2022 RTX 4090 ilitoka kwa dola 1,599, na Januari 2025 RTX 5090 ikatoka kwa dola 1,999. Ni kweli kwamba kadi ya mwisho ina nguvu nyingi mno kuliko ya mwanzo, na kwamba dola nayo imepungua thamani katika miaka hiyo minane. Lakini kompyuta tangu zamani zilikuwa na ada yake: kila mwaka zikizidi nguvu, na bei ya nguvu hiyo ikishuka. Mnunuzi aliyeizoea ada hiyo akiona bei ya kadi ya juu inakaribia kuwa mara tatu ya ilivyokuwa, ana haki ya kuuliza kulikoni.

Kampuni ya Apple nayo ilitoa mifano ambayo watu hawajaisahau. Juni 2019, katika mkutano wake mjini San Jose, ilitangaza kiwambo cha dola 4,999, kisha ikataja kwamba stendi ya kukisimamishia inauzwa mbali, kwa dola 999. Ukumbini, palipojaa watu walioitikia wito wa kampuni hiyo, ulisikika mnong'ono. Oktoba 2021 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza kitambaa cha kufutia viwambo, kimoja kwa dola 19. Watu walicheka na kufanya mzaha ulimwengu mzima. Na kitambaa kikaagizwa kwa wingi hata wanunuzi wakaambiwa wasubiri wiki kadhaa. Kicheko na oda vilikwenda pamoja.

Hata hivyo si kila bei inayopanda ina dhambi, wala si kila ghadhabu ya mnunuzi ina haki. Kwa maoni yangu yafaa tutenganishe bei za namna tatu.

Ya kwanza ni bei ya uhaba. Mwishoni mwa 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Thailand, yakaingia katika viwanda vilivyokuwa vikitengeneza sehemu kubwa ya diski za kuhifadhia data duniani, vikiwamo vya kampuni ya Western Digital. Bei za diski ziliruka katika muda wa wiki chache. Tena kati ya 2020 na 2022 maradhi ya korona yalivuruga viwanda na bandari huku watu wengi wakihitaji kompyuta za kufanyia kazi nyumbani, na papo hapo wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakizinyakua kadi za michoro kwa mamia. Njaa hiyo ya wachimbaji ilipungua ghafla Septemba 2022, pale mtandao wa Ethereum ulipobadilisha utaratibu wake ukawa hauzihitaji tena kadi hizo. Na tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zimepanda sana kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vinazinunua kwa pupa. Katika bei ya uhaba mnunuzi anaweza kusikitika, akasubiri, akapunguza matumizi. Lakini kumlaani muuzaji kwa kila senti iliyozidi ni kumtoza yeye deni la mvua.

Ya pili ni bei ya njama. Adam Smith alikwishaonya mwaka 1776 kwamba wenye biashara moja wakikutana ni wepesi kuishia katika kupanga hila dhidi ya wanunuzi, na soko la kumbukumbu za kompyuta likaja kumthibitisha. Kati ya 1999 na 2002 watengenezaji wakubwa walikubaliana juu ya bei kwa siri. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwashtaki, wakakiri: Infineon ikatozwa faini ya dola milioni 160 mwaka 2004, Hynix milioni 185 na Samsung milioni 300 mwaka 2005. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya nayo ikatoza faini za jumla ya yuro milioni 331 kwa njama hiyo, na kampuni ya Micron, iliyokuwa ya kwanza kuifichua mbele ya Tume, ikasamehewa. Hapa mnunuzi amedhulumiwa waziwazi, na pahala pa kesi yake ni mahakamani.

Ya tatu naiita bei ya mapenzi. Hakuna mafuriko wala kikao cha siri. Muuzaji amepandisha bei kwa kuwa anajua kwamba wateja wake hawaondoki. Amejaribu kidogo, wakanung'unika na kununua. Akajaribu zaidi, wakanung'unika zaidi na kununua. Bei hii haina mtuhumiwa mmoja, kwani muuzaji ameipendekeza na mnunuzi ameitia saini. Hii ndiyo inayohusika na methali ya mgema, na ndiyo inayotulazimisha tuuchungue uaminifu wenyewe.

Aristotle, katika maandiko yake ya maadili yanayojulikana kwa jina la Nikomako, aliuliza kama mtu anaweza kuwa na urafiki na kitu kisicho na roho. Jawabu lake lilikuwa hapana, na mfano alioutoa ni wa mvinyo. Kwa maelezo yake, ni upuuzi mtu kuutakia mvinyo heri. Labda atautakia usiharibike, nako huko ni kutaka abaki nao yeye mwenyewe. Urafiki unataka mapenzi yarudishwe, na unataka kila mmoja amtakie mwenziwe mema kwa ajili ya huyo mwenziwe. Mvinyo hauwezi kufanya lolote katika hayo mawili.

Je, kampuni yaweza? Mtu atasema kampuni si mvinyo, kampuni ina watu ndani yake. Ni kweli, na huenda kuna fundi katika kiwanda fulani anayefanya kazi yake kwa uadilifu mkubwa na ambaye tungempenda lau tungemjua. Lakini huyo siye tunayempenda tunapoipenda chapa. Tunapenda jina, rangi na umbo la herufi. Na nyuma ya jina pana bodi ya wakurugenzi iliyowekwa hapo kuangalia faida ya wenye hisa. Bodi hiyo haimchukii mteja. Haimjui. Inajua mafungu ya wateja, inajua lipi litavumilia nini, na ikiona fungu moja halina faida kama jingine, italiacha bila ya kuaga.

Historia ya karibuni imetupa ushahidi. Kwa muda wa miaka kumi, tangu 2007 hadi 2017, prosesa za kawaida za mezani zilizotoka Intel, hata zile za juu katika safu hiyo, zilibaki na viini vinne, yaani ubongo wa mashine uligawika sehemu nne na haukuzidi hapo. Aliyetaka vinane, mwaka 2016 ilimbidi alipe zaidi ya dola 1,000. Machi 2017 kampuni hasimu, AMD, ikatoa Ryzen 7 1800X yenye viini vinane kwa dola 499. Wanunuzi wengi wakaiona AMD kuwa mkombozi wao, kampuni ya wanyonge iliyokuja kuwatoa katika mikono ya jitu. Basi Novemba 2020, mkombozi alipokwisha kupanda kileleni, prosesa yake ya Ryzen 5 5600X ikatoka kwa dola 299, ilhali ile iliyoitangulia, 3600X, ilitoka kwa dola 249 mwaka mmoja kabla. Wapo waliosema wamesalitiwa. Lakini hapakuwa na usaliti, kwa sababu hapakuwa na ahadi. AMD iliuza rahisi ilipokuwa inawania soko, na ikauza ghali ilipolipata. Intel ingefanya vivyo hivyo, na ilikwishafanya.

Mfano mwingine una uchungu zaidi. Micron, ambayo tumekwisha kuitaja, ilikuwa na chapa yake ya Crucial tangu 1996, ikiwauzia watu wa kawaida kumbukumbu za kuongezea katika kompyuta zao. Wengi waliiamini kwa sababu nzuri. Ilidumu na haikuwaangusha. Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba inaiacha biashara hiyo ili bidhaa zake ziwaendee wanunuzi wakubwa wa vituo vya data. Takriban miaka thelathini ya wateja waaminifu iliwekwa mizanini pamoja na oda za vituo hivyo, na haikuwa na uzito. Kibiashara huenda uamuzi huo ni sahihi. Ninalosema ni kwamba umetuonesha, kwa uwazi usio na kinyongo, uaminifu wa mteja unahesabiwa vipi upande wa pili wa kaunta.

Pengine msomaji ataona ninawadharau watu wanaoshika chapa. La hasha. Kushika chapa kuna asili yake na hekima yake, na sisi wa visiwa hivi tunaijua kabla ya kuja kompyuta. Katika karne ya kumi na tisa, baada ya Sayyid Said kufunga mkataba na Marekani mwaka 1833, meli za Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofumwa Massachusetts. Kilikuwa kizito, kikidumu, na watu wa pwani na wa bara wakakitaka chenyewe hata wakakipa jina la nchi kilikotoka: merikani. Mnunuzi wa Tabora hakuwa na njia ya kukijaribu kitambaa kwa kukifua mara hamsini kabla ya kukinunua. Jina lilimfanyia kazi hiyo. Lilikuwa ni ushahidi wa walionunua kabla yake.

Huo ndio uaminifu wa chapa katika hali yake njema: ni imani iliyojengwa na mazoea, ambayo humwokolea mtu taabu ya kukichunguza kila kitu upya. Na kwa vifaa vya kompyuta haja hiyo ni kubwa zaidi, kwani nani kati yetu awezaye kukitazama kipande cha silikoni akajua kama kitadumu? Lakini angalia walivyofanya wale wazee. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipoikata pamba na kupandisha bei, hawakukaa wakimlilia mwenye meli wa Salem. Wakahamia vitambaa vya Uingereza na vya Bombay, na Wamarekani waliporudi hawakuirejesha tena enzi yao ya zamani. Jina la merikani likabaki katika lugha yetu, likavishwa kitambaa chochote cha namna ile, kitoke kitokako. Walilichukua jina kuwa ni mali yao, wakaliweka chini ya hukumu yao. Leo mambo yamegeuka. Majina ndiyo yanayotuhukumu sisi.

Ni nini basi kilichoongezeka hata imani ya mazoea ikageuka kuwa mapenzi yasiyosikia? Naona mambo mawili, na ni lazima yatenganishwe kwa sababu yana hukumu mbalimbali.

La kwanza ni kifungo. Mtu amejifunza kazi yake katika programu zinazokwenda na aina moja tu ya mashine. Tangu 2007 Nvidia imekuwa ikitoa CUDA, mfumo wa kuandikia programu zinazotumia kadi zake, na wanasayansi wengi wamejenga kazi zao zote juu yake. Kuhama kwao ni kuvunja nyumba. Kadhalika, Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na toleo linalofuata halikubali kuwekwa katika kompyuta nyingi za zamani ambazo bado ni nzima. Mwenye kompyuta hiyo akinunua nyingine hatuwezi kusema amependa. Amesukumwa. Watu hawa ni mateka, na mateka hadaiwi maelezo ya kwa nini yumo ndani. Inafaa tu asiusifu ukuta.

La pili ni fahari. Hapa mtu hakufungwa, amejifunga. Mwaka 1899 Thorstein Veblen alieleza jinsi watu wanavyonunua ili waonekane wananunua, na kwamba katika manunuzi ya namna hiyo ughali wenyewe huwa sehemu ya utamu. Kompyuta yenye nembo fulani mgongoni huwekwa mezani nembo ikiwaelekea wengine. Mwenyewe haioni, wamekusudiwa wanaomtazama. Na mtu akishaifanya nembo kuwa sehemu ya uso wake, kila aibu ya kampuni huwa aibu yake, na kila lawama juu ya bei huwa lawama juu ya akili yake. Ndipo huanza kuitetea. Akipenda, chongo huita kengeza. Na anayetetea alichokilipia ghali ana sababu mbili za kutoliona lile chongo.

Sasa tuje kwenye kiini cha neno langu. Mwenye fahari ana jawabu lililo tayari: fedha ni zake, raha ni yake, hakumwibia mtu. Lau ingekuwa hivyo tungemwachia, tukasema ni udhaifu mdogo wa binaadamu kama mingine. Lakini bei ya soko haikatwi kwa mtu mmoja mmoja. Bei hupimwa kwa wale wasioondoka, kisha hutozwa kila mtu. Wanaoapa kwamba watanunua kwa gharama yoyote ndio wanaomwonesha muuzaji pa kuisimamisha bei, na akishaisimamisha hapo, anayefuata nyuma yao huikuta imeshasimama. Anayefuata ni mwanafunzi wa usanifu, ni mwenye duka la kuchapa vitabu, ni skuli inayotaka mashine kumi na kuishia kupata nne.

Na madhara hayaishii kwa wanunuzi wa vitu vipya. Nyingi ya kompyuta tunazozitumia katika visiwa vyetu zimefika baada ya kutumika kwingine, na njia ya Dubai ni mashuhuri. Bei ya kitu kilichotumika hufuata bei ya kipya kama kivuli. Kipya kikiwa ghali, mwenye cha zamani hukaa nacho zaidi, na anapokiuza hukiuza kwa bei ya juu. Mwaka 2021 kadi za michoro zilizokwishatumika zilikuwa zikiuzwa kwa zaidi ya bei iliyolipwa zilipokuwa mpya. Ile ilikuwa bei ya uhaba, lakini kanuni ni moja: aliye mwisho wa msururu hulipa makosa ya walio mbele yake, na hana sauti katika foleni ya San Jose wala ya Tokyo. Kwa hiyo mapenzi ya chapa yasiyo na mpaka ni zaidi ya upumbavu wa mtu kwa mfuko wake. Ni aina ya ubadhirifu ambao sehemu ya hesabu yake hupelekwa kwa jirani.

Kuna tabia moja inayolionesha jambo hili waziwazi. Katika mabishano ya wapenzi wa kadi za michoro husikika mtu akitamani AMD itoe kadi nzuri na rahisi. Ukimwuliza kama atainunua, atakujibu kwamba la, yeye anataka Nvidia ishushe bei apate kuinunua Nvidia. Anamtaka mpinzani ashindane kwa niaba yake, ilhali fedha yake ameshaiahidi kwingine. Kila mmoja akifanya hivyo, mpinzani atakufa akishangiliwa. Hapa pana kosa la haki, mbali na kosa la hesabu: mtu anataka matunda ya ushindani na anawaachia wengine gharama ya kuudumisha.

Yupo atakayenijibu kwa hoja nzito zaidi. Mwaka 1970 mwanauchumi Albert Hirschman aliandika kwamba mtu asiyeridhika na chombo chochote, kiwe kampuni, chama au dola, ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti. Akaongeza kwamba uaminifu una kazi yake, kwani humzuia mtu asiondoke haraka, akabaki akapaza sauti, na chombo kikapata nafasi ya kujirekebisha. Wakiondoka wote mara ya kwanza, nani atabaki wa kuwaambia wenye chombo kwamba wamekosea?

Hoja hii naikubali, na ushahidi wake upo. Septemba 2022 Nvidia ilitangaza kadi mbili zenye jina moja la RTX 4080, moja ya dola 1,199 na nyingine ya dola 899, kana kwamba zimepitana kwa kiasi cha kumbukumbu tu. Kumbe ile ya pili ilikuwa na chipu iliyo dhaifu zaidi. Wanunuzi, wakiwamo wateja wa siku nyingi, walipiga kelele, na Oktoba mwaka ule ule kampuni ikaiondoa ile ya pili kabla ya kuuzwa. Januari 2023 ikairejesha kwa jina la RTX 4070 Ti kwa dola 799. Jina lilikuwa la haki zaidi, na dola mia moja zimepungua. Sauti ilifanya kazi.

Lakini tuulize kwa nini ilifanya kazi. Ilisikilizwa kwa sababu kampuni iliogopa kwamba nyuma ya sauti pana miguu. Mwenye kulalamika ambaye anajulikana hatoki, malalamiko yake ni kama kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji. Uaminifu anaousifu Hirschman ni ule unaoweza kukatika. Usioweza kukatika hauna cha kumwambia muuzaji, na muuzaji anayepata wateja wa namna hiyo amepewa mtihani ambao watu wachache wangeufaulu. Mimi simwoni mgema kuwa mtu mbaya kuliko wengine. Namwona mtu aliyeachwa peke yake na mtungi, huku kila anayepita akimwambia kwamba tembo lake halina mfano.

Baada ya hayo, je, tuishi bila ya uaminifu? Sidhani, wala sidhani twaweza. Josiah Royce, mwanafalsafa wa Marekani aliyeandika kitabu kizima juu ya uaminifu mwaka 1908, aliona kwamba mtu haukamiliki utu wake mpaka ajitoe kwa hiari kwa jambo lililo kubwa kuliko yeye na linalomfungamanisha na wenzake. Kosa letu ni la anuani. Tumeupeleka mzigo wa thamani kwenye mlango usio na mwenyewe.

Wapo wanaostahiki kuupokea. Yupo fundi wa mtaani ambaye ukimpelekea kompyuta iliyokufa hukwambia kweli kwamba inatengenezeka kwa kubadilishwa kipande kidogo, ilhali angeweza kukuuzia nyingine. Huyo ana uso, anaweza kuona haya, na ukimsaliti ukaenda kwa mwengine bila ya sababu umemfanyia ubaya. Wapo pia waliojitolea kwa kazi ya pamoja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kufanyia hesabu kwa Kiswahili, huria na bila ya malipo. Mfumo wa Linux, aliouanzisha Linus Torvalds mwaka 1991 na kuendelezwa na maelfu ya watu, hadi leo huzifufua mashine ambazo wenye chapa wamekwisha kuzitangaza maiti. Kazi za namna hiyo zinaweza kusalitiwa, kwa kuwa zinategemea watu kushikamana. Uaminifu kwao hautii maji mtungini mwa mtu.

Kwa kampuni, tuwape kile walichokichuma na tusizidishe. Kitu kikiwa kizuri tukinunue, tukilipe, tuseme ni kizuri. Sifa ya kweli ni haki ya aliyeitenda kazi. Lakini tukisifu kitu na tuache jina, na tukisifu cha mwaka huu sifa isivuke mwaka. Anayetaka kununua ajiulize maswali yasiyohitaji elimu kubwa: kazi niliyonayo inahitaji nguvu kiasi gani, kama kitu hiki hiki kingekuwa na nembo ya hasimu, ningelikubali bei hii, na nikiwa sikukinunua mwaka huu, nitapungukiwa na nini hasa? Atakayejibu kwa ukweli na bado akanunua, amenunua kwa haki, na asilaumiwe na mtu. Atakayeona jawabu la swali la pili linamtia haya, basi amekwisha kuijua sehemu ya bei ambayo ameitia mwenyewe.

Nalo swali tuliloanza nalo, la iwapo mnywaji ana haki ya kulalamika, naona jawabu lake ni ndiyo, kwani maji katika tembo ni maji, nani aliyesifu na nani asiyesifu. Ila haki hiyo ina sharti. Anayelalamika kata ikiwa bado mkononi, na kesho alfajiri akawa wa kwanza chini ya mnazi, amelalamika kwa ajili ya kujiliwaza. Anayeiweka kata chini, akaenda kuonja kwa mgema mwengine, akarudi siku tembo litakapokuwa tembo, amemtendea haki mgema wa kwanza, wa pili, na wote watakaokuja kunywa baada yake.